Saa Tano za Tabora Si za Kulala Kwenye Kiti

Jamani, kuna habari imeletwa hapa kijiweni Isevya na bado inatukereketa. Abiria mmoja kashuka uwanja wetu wa ndege, safari yake ya kuunganisha imesogezwa mbele, ana saa tano mkononi. Kijana wetu wa bodaboda akamfuata kwa adabu: "Kaka, twende nikuzungushe mjini, nitakurudisha mapema." Jibu alilopewa: "Mjini kuna nini? Tabora hakuna kitu." Akarudi kukaa, akachomeka chaja ukutani, akainamia simu mpaka alipoitwa kupanda. Mfyuuu! Kijiwe kizima kikasonya.

Mzee wetu wa kahawa alikuwa anamimina. Birika la shaba limekaa juu ya jiko lake la mkaa, chini kuna ndoo ndogo ya maji ya kusuuzia, na sahani ya kashata imefunikwa kitambaa kwa ajili ya nzi. Vikombe viwili anavishika kwa mkono mmoja, anavigonganisha, kahawa inaingia bila tone kumwagika. Akaweka birika chini, akasema: "Wanangu, huyo kapita kwenye mji uliojengwa na watu wanaosubiri, naye kusubiri hakujui."

Basi nataka nilishike neno hilo la mzee nilipeleke mpaka mwisho, kwa sababu ni la kweli na linamhusu kila anayekwama Tabora, awe wa ndege, wa treni au wa basi.

Kabla ya reli, kabla ya lami, misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe ikiwa hoi. Wale Waingereza wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakaingia Kazeh, kama walivyopaita hapa, tarehe 7 Novemba. Zaidi ya miezi minne barabarani! Leo pangaboi linatoka Dar es Salaam na kutua Tabora kwa muda wa saa mbili hivi, na bado mtu analalamika kachoka. Wapagazi wa pwani walipofika hapa walitawanyika. Mizigo ilifunguliwa, ikahesabiwa, ikafungwa upya. Wapagazi wapya wakatafutwa, wengine wa kwenda Ujiji, wengine wa kwenda kaskazini. Na Mnyamwezi hakuwa mtu wa kuswagwa tu. Alibeba frasila mbili begani, zaidi ya kilo 30, alijua thamani ya bega lake, na mvua zikikaribia wengi waliikataa safari kwa sababu shamba linawangoja. Kwa hiyo mgeni alikaa. Wiki, mwezi, pengine msimu mzima. Burton na Speke wenyewe walikaa zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kuendelea na safari ya Ziwa Tanganyika.

Katika kukaa huko ndipo mji ulipozaliwa. Mwenye kusubiri anataka chakula, anataka nyumba ya kulala, anataka nguo, na zaidi ya yote anataka habari: njia ipi ina vita, kisima kipi kimekauka, pembe zinauzwaje Ujiji. Wafanyabiashara wa Kiarabu walioweka makazi hapa kwenye miaka ya 1850, na Wanyamwezi waliowazunguka, waliishi kwa biashara hiyo ya watu walioko njiani. Ukiniuliza Tabora ilianza kwa kazi gani, nitakujibu ilianza kwa kupokea msafiri aliyekwama.

Sasa tazama watu wawili walivyotumia kusubiri kwao. Mwaka 1858 Burton na Speke walirudi kutoka Ziwa Tanganyika, wakakwama tena hapa hapa. Burton alikuwa mgonjwa, akabaki. Lakini hakubaki akihesabu boriti za dari. Alikaa na mwenyeji wake, Snay bin Amir, Mwomani aliyezijua njia na lugha za bara, akamuuliza na kuandika, akamuuliza na kuandika. Speke yeye hakutaka kukaa. Akachukua wapagazi wachache akaelekea kaskazini, na tarehe 3 Agosti 1858 akaliona lile ziwa ambalo wenyeji waliliita Nyanza na yeye akalipa jina la malkia wake, Victoria. Kabla Agosti haijaisha alikuwa amesharudi Kazeh. Mmoja alisubiri kwa kuuliza, mwingine kwa kutembea, na kila mmoja aliondoka na kitu. Wewe mwenye saa tano huna muda wa kufika Mwanza, ila kuuliza na kutembea vyote unaviweza.

Tena tusiipambe historia mpaka ikaacha kuwa ya kweli. Si kila aliyesubiri Tabora alisubiri kwa hiari yake. Walipita hapa watu waliofungwa shingoni, wametekwa Manyema na kwingineko, wakingoja siku ya kuswagwa kuelekea pwani. Hawakuwa na tiketi wala jina kwenye orodha, na kurudi kwao hakukuwapo. Miembe mikubwa unayoiona kuzunguka mji, wazee wetu wanaihesabu kuwa kumbukumbu ya njia ile ya misafara. Ukikaa chini ya kivuli chake ukala embe, kula kwa shukrani na uwakumbuke waliopumzishwa hapo kwa dakika chache tu kabla ya kuinuliwa kwa kiboko. Mgeni anayepita Tabora bila kulijua hilo amepita juu ya makaburi ya watu, na sisi wenyeji tukinyamaza tunashiriki kuwafukia mara ya pili.

Halafu kuna Kwihara. Jamani, Kwihara! Kilomita chache tu kusini-magharibi ya mji, na nusu ya watu wanaokwama Tabora hawajawahi kulisikia jina hilo. Mwandishi wa habari Stanley, aliyekuwa anamtafuta mmisionari Livingstone, alikaa pale mwaka 1871 njia ya Ujiji ikiwa imefungwa kwa vita vya Mtemi Mirambo, mpaka alipoamua Septemba kuzungukia kusini. Februari 1872 akarudi na Livingstone. Mwezi Machi Stanley akaondoka kwenda pwani, akaahidi kumtumia mzee wapagazi. Livingstone akasubiri. Machi, Aprili, Mei, Juni, Julai. Watu wakafika Agosti, naye tarehe 25 mwezi huo akaondoka kwa safari ambayo hakurudi akiwa hai. Tembe alimokaa limejengwa upya pale pale, leo ni makumbusho: kuta nene za udongo, paa bapa, vyumba vimezunguka ua, na ndani kuna kumbukumbu za misafara. Ingia kutoka kwenye jua la saa nane mchana, usimame katikati ya chumba. Utaisikia baridi ya udongo inakushika mikono, na papo hapo utaelewa kwa nini watu wa zamani walijenga vile, bila kiyoyozi na bila umeme.

Mimi lakini nikifika Kwihara simuwazi Livingstone peke yake. Nawawaza watumishi wake, Susi na Chuma. Mzee alipofariki tarehe 1 Mei 1873 kule Chitambo, ambako leo ni Zambia, wao na wenzao waliukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba. Walifika Unyanyembe mwezi Oktoba. Hapo wakamkuta Mwingereza mwingine, Cameron, aliyekuwa anakuja na msafara wa kumsaidia Livingstone. Cameron akawashauri wauzike mwili hapa hapa, njia ya mbele ni mbaya. Wakakataa. Wakapumzika, wakajipanga, wakaendelea, na mbele ya safari wakaugeuza mwili ukaonekana kama mtumba wa vitambaa ili wasizuiwe na watu walioogopa kupitishiwa maiti. Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo, na Aprili ukazikwa Westminster Abbey, London. Kituo kimoja kigumu cha safari yao kilikuwa hapa, kwenye mji unaosema hauna kitu. Mtoto wa Tanzania akiwa na saa tano Tabora asizitumie kuwajua Susi na Chuma, mfyuu, mimi nitasonya mpaka meno yaume.

Wa ndege nao msidhani kukwama Tabora ni jambo la jana. Mwaka 1920 gazeti la The Times la London lilituma ndege aina ya Vickers Vimy kutoka Uingereza kuelekea Cape Town, ndani yake kukiwa na mtaalamu wa wanyama, Chalmers Mitchell. Ilipita Misri, ikapita Sudan, injini zikisumbua njia nzima. Tarehe 27 Februari ikajaribu kuruka kutoka Tabora, ikaanguka. Watu walitoka hai, lakini safari ya ndege hiyo iliishia kwetu. Kwa hiyo wewe ambaye ndege yako imechelewa kidogo, umejiunga na orodha ndefu ya waheshimiwa.

Haya, tuje kwenye matumizi ya saa zako, maana hasira bila maelekezo ni kelele.

Kwanza uliza kwa wahusika wa shirika lako dirisha la kupokea abiria linafungwa saa ngapi, wala usikubali jibu la "baadaye baadaye". Andika namba ya simu ya kupiga ikiwa ratiba imebadilika tena. Mzigo mkubwa hakikisha uko mikononi mwa shirika, utoke na begi dogo. Dereva wa bodaboda au bajaji elewana naye bei kabla hujapanda: kwenda, kukungoja na kurudi, yote kwa pamoja, na mlipe ukisharudishwa. Jiwekee saa nzima ya akiba mwishoni. Hapo moyo wako utatulia na mji utauona.

Ukiwa na saa tatu, usijitie kwenye mambo ya mbali. Ingia mjini. Nenda soko kuu, salimia kwanza. Asubuhi mwambie mama wa Kinyamwezi "mwangaluka", mchana "mwadila", uone uso wake utakavyofunguka. Uliza asali. Asali ya Tabora inatoka kwenye misitu ya miombo, mizinga ya magome na ya magogo ikiwa imetundikwa juu ya miti, na watu wa mkoa huu wameirina tangu enzi za mababu. Mwombe muuzaji akuonyeshe ya rangi mbalimbali, uonje kwa kijiti, umuulize ilirinwa wapi na lini. Uliza pia ile ya nyuki wadogo wasiouma, ambayo wazee huitumia kama dawa ya kifua. Chupa ifunge vizuri kwenye mfuko wa nailoni, uiweke kwenye mzigo wa kupakia. Ukiibeba mkononi utaiacha kwenye ukaguzi, na hilo tumewaona wengi wakililia. Kama ni Desemba, sahau biskuti, kula embe. Mvua zikiwa zimeshika, uliza uyoga wa porini. Na msimu wowote tafuta michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, vinavyokaa muda mrefu bila kuharibika. Chakula cha safari kabla ya kuja chipsi.

Ukiwa na saa tano, ongeza Kwihara. Toka uwanjani moja kwa moja, usipitie kwanza kula, utakula wakati wa kurudi. Mpe mwangalizi wa pale nafasi akueleze kwa utaratibu wake, lipa kiingilio bila kunung'unika, uandike jina lako kwenye kitabu cha wageni. Ukirudi mjini pita uione Boma ya Wajerumani, na kabla ya kupiga picha uliza kama inaruhusiwa. Pita na stesheni ya reli. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1912, na hoteli ya zamani ya enzi ya Mjerumani, ambayo siku hizi inaitwa Orion, bado ipo. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewafungia bahari, Wajerumani walichapa sarafu ya dhahabu ya rupia 15 hapa hapa Tabora, ina picha ya tembo, na mpaka leo wakusanyaji wa sarafu duniani wanaitafuta kwa bei kubwa. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakauteka mji. Yote hayo unaweza kuyasikia kwa kikombe kimoja cha kahawa, ukipata mzee wa kukusimulia.

Ukilala usiku mzima, bwana, hapo umepata bahati. Asubuhi mapema, kabla jua halijakaza, nenda kaione Shule ya Wavulana Tabora. Mwalimu Nyerere alisoma hapo kuanzia 1937 mpaka 1942, na baadaye akafundisha St. Mary's, mji huu huu. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wengi walikuja wakiwa wamepania kususa. Mwalimu akawashawishi wakubali, Zuberi Mtemvu akatoka akaanzisha chama chake cha ANC, na TANU ikashinda uchaguzi ule. Ukiwa na mtoto safarini, msimulie hapo hapo, chini ya mti. Jioni uliza habari za muziki, za Kiko Kids na Tabora Jazz ya Shem Karenga. Wapo watu wa makamo kijiweni hapa ambao ukiwatajia tu mtindo wa Segere Matata mabega yanaanza kucheza yenyewe.

Na wa treni je? Nyie ndio mnaojua kusubiri kuliko wote. Treni ya Dar es Salaam inafika, mabehewa yanakatwa na kupangwa upya, haya ya Kigoma, haya ya Mwanza, haya ya Mpanda. Mama ana watoto watatu na gunia la mchele jukwaani, hawezi kwenda Kwihara, na mimi sitamsonya hata kidogo. Yule anahitaji maji safi, choo safi na mahali penye kivuli. Ukiwa na nguvu na huna mzigo, mwangalizie gunia lake aende akanawishe watoto. Hayo nayo ni matumizi mema ya saa za kusubiri, na pengine ndiyo bora kuliko yote.

Sasa nageukia kwetu wenyeji, maana msonyo hauwezi kuwa wa upande mmoja. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, lakini mgeni tumemwandalia nini? Kijana wa bodaboda akiulizwa Kwihara kuna nini, anajibu "kuna nyumba ya Mzungu". Basi! Susi na Chuma hawajui, Mirambo anamjua kwa jina la kambi na la shule, na Isike, mtemi wetu wa Unyanyembe, aliyejilipua ndani ya ngome yake Januari 1893 kuliko kukamatwa na Wajerumani, hamjui kabisa. Kosa si lake. Hakuna aliyekaa naye akamwambia. Mwingine anaona begi lenye magurudumu, bei inapanda mara tatu hapo hapo. Mwingine anachanganya asali na sukari guru, anaharibu jina la mkoa mzima kwa chupa moja. Mfyuu mara mbili!

Tunayoyataka hayahitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Bango moja uwanja wa ndege na moja stesheni: ukiwa na saa tatu, nenda hapa, ukiwa na saa tano, nenda pale, bei ya kwenda na kurudi Kwihara ni hii. Sehemu ya kuhifadhi mizigo yenye risiti. Vijana kumi wa bodaboda wafundishwe siku mbili na walimu wetu wastaafu wa historia, ambao wamejaa hapa mjini na wana hamu ya kuulizwa, halafu wapewe fulana za kutambulika. Akina mama wa asali wawe na chupa zenye jina la kijiji na tarehe ya kurina. Halmashauri, chama cha bodaboda na kamati ya soko wanaweza kukaa siku moja wakayamaliza hayo.

Na nasisitiza yafanyike sasa, kwa sababu muda wa kusubiri wenyewe unakwisha. Reli ya kisasa inajengwa kuja kwetu: Makutupora hadi Tabora kilomita 368, Tabora hadi Isaka 165, Tabora hadi Kigoma 506. Itakapokamilika, yale masaa ya kukata mabehewa yatapungua, na abiria atakuwa na dakika za kununua maji tu kabla ya kengele. Tunaifurahia reli hiyo, wagonjwa wetu watafika hospitali kubwa mapema na mpunga wetu utafika sokoni. Lakini mtu wa treni ya kasi hatakaa Tabora kwa kulazimika tena. Itabidi akae kwa kupenda, na atapenda tu kama yule aliyekwama leo, mwenye saa zake tano, ataondoka akawasimulie wenzake huko aendako. Kwa hiyo kijana wangu wa bodaboda, kesho ukikataliwa tena usinune. Mwambie: "Kaka, nipe dakika moja nikusimulie habari za Susi na Chuma." Akishasikiliza, mpe kofia ngumu.